Neno la Heri Arusini

Mazungumzo haya yalisomwa redioni. Tunayachapa hapa kwa ajili ya wale waliotuomba maandishi yake.

Sisi tunaozungumza nanyi ni wawili, mume na mke, na makao yetu ni Manga, upande wa Nyamira, chini kidogo ya ule ukingo mrefu wa mawe. Mtu akisimama juu ya ukingo huo siku isiyo na ukungu huiona nchi ikishuka mbali hadi Ghuba ya Winam.

Mwezi wa Agosti na mwezi wa Desemba, shule zinapofungwa na walio mijini wanaporudi nyumbani, huku kwetu ni nadra kuupata mwisho wa juma usio na turubai katika boma fulani. Kijana mmoja ametuandikia barua. Rafiki yake anaoa, naye amechaguliwa kuwa msimamizi. Wenye kamati wamemwambia kwamba baada ya chakula atasimama, atasema maneno machache ya kuwatakia maarusi heri, kisha watu wote watainua bilauri zao. Anatuuliza: "Nifanye nini nisiaibike mbele za watu?"

Ndugu yetu mpendwa, asante kwa barua yako. Tumeisoma mara mbili, na swali lako tumeligeuza kidogo. Ukigugumia, ukikosa neno, ukisahau jina la mchungaji, watu watacheka na kufikia jioni wamesahau. Aibu hiyo ni ndogo, huisha pamoja na soda. Iko aibu nyingine ambayo msemaji haioni kwa kuwa anapigiwa makofi, nayo humwangukia mtu aliyeketi nyuma kabisa, au aliyesimama na sinia mkononi. Hiyo haiishi upesi. Sisi twaijua kwa sababu tulimtwisha mtu aibu hiyo, na leo tutaeleza ilivyokuwa.

Kwanza tuseme neno juu ya desturi yenyewe. Waingereza huiita kwa neno lile lile wanaloitia mkate uliochomwa motoni, maana zamani katika nchi yao walikuwa wakitumbukiza kipande cha mkate wa namna hiyo ndani ya divai ili kuipa ladha, kisha wakanywa kwa kumtakia mtu afya. Kwa hiyo wako wanaofikiri kwamba jambo hili zima lilikuja na meli, pamoja na keki na shela. Hatukubaliani nao. Wazee wa Gusii waliketi kuzunguka chungu kimoja cha pombe ya wimbi, kila mmoja na mrija wake mrefu, na hawakukutana hapo kunyamaza. Misheni ya Nyabururu ilipoanzishwa mwaka 1911, na ile ya Nyanchwa mwaka 1912, mambo yalianza kubadilika, na katika nyumba nyingi za Wakristo chungu kile kiliondoka. Leo twainua soda, au chai, au uji wa wimbi, na hakuna kilichopungua. Tumewahi kuhudhuria arusi ya watu wasio na kitu, ambapo tuliinua maji ya kisima katika vikombe vya plastiki, na machozi yakatutoka.

Basi fikiria, kijana, utakuwa umesimama mahali gani. Wazee wetu walikuwa na usemi kwamba wale tunaooana nao ndio tunaopigana nao. Walisema kweli tupu. Mtu hakuoa ndani ya ukoo wake. Alimwendea binti wa ukoo mwingine, na koo hizo ziliibiana ng'ombe na kumwagiana damu. Ndiyo sababu alihitajika mshenga, ambaye kwa Ekegusii huitwa esigani, mtu wa kwenda na kurudi kati ya boma na boma, kuuliza habari za hawa na kuwapelekea wale. Kazi yake ilikuwa ngumu. Akificha ubaya wa upande mmoja, atalaumiwa siku ubaya huo utakapojitokeza. Akiutangaza pasipo adabu, hakuna arusi. Yule mtumishi wa Ibrahimu aliyetumwa kumtafutia Isaka mke alikuwa esigani kamili. Alipowekewa chakula mbele yake alikataa kukila mpaka kwanza aseme lililomleta.

Siku hizi vijana wanakutana wenyewe, chuoni au kazini, na mara nyingi mshenga huitwa baadaye ili kukamilisha desturi tu. Lakini koo mbili zingali zinaketi, moja kushoto na moja kulia, zikitazamana. Anayesimama katikati na bilauri mkononi amepewa kazi ya mshenga kwa dakika tatu. Watu wa kushoto wanapima kama atawadharau. Wa kulia nao vivyo hivyo. Kwa hiyo jifunze majina kabla ya siku ile, yatamke vizuri, na ujue bibi arusi ametoka wapi, kama ni Nyaribari au Bobasi au ng'ambo ya mpaka kwa Wakipsigis au Waluo. Kulikosea jina la nyumbani kwa bibi arusi ni kama kumwambia baba yake kwamba hukumwona.

Kisha iko haya. Robert na Barbara LeVine, wataalamu kutoka Marekani walioishi Gusii kati ya mwaka 1955 na 1957, waliandika mengi juu ya jambo tunaloliita ensoni, yaani haya na heshima baina ya kizazi na kizazi kinachokifuata. Baba na mwanawe hawasikilizi pamoja maneno ya chumbani. Baba mkwe haingii katika nyumba ya mke wa mwanawe. Sisi hatukuhitaji kusoma kitabu ili tujue hayo, lakini vijana wengine wanaotoka mjini yafaa wakumbushwe. Tumemwona msimamizi mmoja akianza mzaha juu ya usiku wa arusi, huku baba wa bwana arusi ameketi hatua nne kutoka kwake, na mkwewe mwanamke karibu naye. Rafiki zake walicheka sana. Mzee yule alichukua fimbo yake, akatoka taratibu, akaenda kusimama kwenye migomba mpaka hotuba ilipokwisha. Hakusema neno siku ile wala siku iliyofuata.

Lakini kwa mila zetu yupo mwenye ruhusa ya mzaha. Babu na bibi huwatania wajukuu wao watakavyo, hata kuwaita mume wangu na mke mwenzangu, na hakuna anayeona haya. Kama unataka arusi yenye kicheko, mpe nafasi magokoro, yaani nyanya wa maarusi. Atasema mambo ambayo wewe ukiyasema utafukuzwa, na wote watafurahi. Kamati nyingi humsahau, au humpa zamu ya mwisho wakati watu wanatafuta viatu vyao matopeni. Hilo ni kosa.

Sasa tuje kwenye habari yetu wenyewe. Yapata miaka kumi iliyopita, jirani yetu alikuwa akimwoza mwanawe wa pili, kijana aliyesoma vizuri na kupata kazi nzuri Nairobi. Walituomba sisi tuseme neno la heri. Mmoja wetu ndiye aliyesimama. Hatutasema ni yupi, kwa kuwa maneno tuliyatunga pamoja usiku, karibu na taa, na tuliyapenda sote wawili. Tulitaka kumsifu bwana arusi. Na jambo kubwa alilokuwa amelifanya, ambalo kijiji kizima kilikuwa kinalizungumza, ni kwamba alipeleka ng'ombe wote wa mahari kwa siku moja, bila deni la hata ndama. Basi tukasema, kwa sauti kubwa: "Mtazameni mwanamume. Wako wanaooa kwa ahadi. Huyu ameoa kwa ng'ombe!"

Turubai lilipasuka kwa vigelegele. Wazee waligonga fimbo chini. Twakiri kwamba tulisikia utamu moyoni.

Pale mlangoni alikuwa amesimama mke wa kaka mkubwa wa bwana arusi, ameshika birika la chai. Mama huyu alikuwa ameamka saa nane za usiku ili kuwasha moto. Ugali tulioula, kuku, matoke, na ile chinsaga iliyochemshwa kwa maziwa mpaka uchungu wake ukaisha, vyote vilipita mikononi mwake. Alikuwa ameishi katika boma lile miaka kumi na mmoja, na kuzaa watoto watatu. Lakini ng'ombe wa kwao hawakuwa wametolewa, hata mmoja. Alikuwa ameolewa kwa ahadi.

Wasikilizaji walio mbali na Gusii wataona kwamba hilo ni jambo dogo. Si dogo. Philip Mayer, aliyechunguza desturi zetu miaka ya 1940, alichapisha mwaka 1950 kitabu kizima juu ya sheria ya mahari ya Gusii, na mtu akikisoma ataona jinsi ng'ombe walivyokuwa wakipita kutoka nyumba hadi nyumba. Binti akiolewa, ng'ombe wake ndio wanaomwolea kaka yake. Dada na kaka wameunganishwa na ng'ombe hao maisha yao yote. Na mke ambaye ng'ombe wake hawajatoka hana kiti imara. Akigombana na mtu kisimani ataambiwa kwamba yeye ni mgeni. Akifa, watu wa kwao huja na kusema asizikwe kwanza, watolewe ng'ombe, na wako waliotolewa mahari wakiwa ndani ya jeneza.

Na katika boma lile la jirani yetu dada alikuwapo, aliolewa, na ng'ombe wake walikuja. Wangekuwa ng'ombe wa kaka mkubwa. Lakini mwaka ule yule mdogo alikuwa ameitwa chuo kikuu, na karo haikupatikana. Ng'ombe waliuzwa mmoja baada ya mwingine sokoni, na kijana akasoma. Kaka mkubwa alikubali. Alibaki nyumbani kuchuma chai. Hayo yote sisi tuliyajua. Ng'ombe wale tuliwaona kwa macho yetu wakipita mbele ya lango letu kwenda kuuzwa. Usiku ule, karibu na taa, tulikuwa tumeyasahau, kwa kuwa sentensi yetu ilikuwa nzuri.

Yule mama aliliweka birika chini, polepole, bila kishindo, akarudi jikoni. Mumewe alikuwa ametazama miguu yake. Hakuna wengi waliomwona. Lakini magokoro, nyanya wa bwana arusi, alimwona. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbele na blanketi magotini. Hakuwa katika orodha ya wasemaji. Alisimama kwa msaada wa mjukuu, akasema kwamba bilauri yake yeye haitainuka. Mkuu wa shughuli akamwuliza kwa upole, "Kwa nini, magokoro?" Akajibu: "Ng'ombe hawakupika chakula hiki. Aliyekipika yuko wapi?" Kisha akamwita yule mke wa mjukuu wake kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kama tunavyoita mwanamke aliye mwenyeji, akamwita mara tatu mpaka akaja, akijifuta mikono kwa leso yake. Akampa soda yake mwenyewe. "Anywe huyu kwanza," akasema, "ndipo tuwatakie hawa watoto heri."

Ndugu kijana, hilo ndilo neno la heri lililo bora kuliko yote tuliyopata kulisikia, na halikufika dakika moja.

Tulipofika nyumbani tulifungua kitabu cha Ruthu, mlango wa nne, kwa maana tulikumbuka kwamba mle mna maneno ya arusi. Boazi aliwakalisha wazee kumi mlangoni pa mji, na mbele yao lilikaa pia jambo la ardhi na jambo la mjane. Alikuwapo jamaa mwingine, aliyekuwa na haki ya kwanza ya kumchukua Ruthu, na akakataa, kwa kuogopa kuuharibu urithi wake. Akavua kiatu chake kama ilivyokuwa desturi. Sasa tazameni wazee walivyofanya. Walikuwa na nafasi nzuri sana ya kumsifu Boazi kwa kumlinganisha na huyu aliyeshindwa. Umati wote ungeshangilia. Hawakufanya hivyo. Walisema kwanza kwamba wao ni mashahidi, kisha wakamwombea yule mwanamke mgeni, Mmoabi, mjane, awe kama Raheli na Lea waliojenga nyumba nzima ya Israeli. Yule aliyekataa hawakumtaja tena, na mwenye kuandika habari hiyo hakutuachia hata jina lake. Aliondoka na kiatu kimoja, akaenda zake, na hakuna aliyemcheka nyuma yake.

Sisi tulikuwa tumefanya kinyume. Sifa yetu haikuweza kusimama peke yake; ilihitaji mtu wa kukanyaga. Tangu siku ile tumekuwa tukisikiliza hotuba za arusi kwa sikio la namna nyingine, na tumeona jinsi sifa nyingi zinavyojengwa hivyo. "Huyu si kama wasichana wa leo." Na wasichana wa leo wameketi pale, wamevaa sare, ndio wanaomsindikiza. "Mama huyu amelea watoto wake bila kumtegemea mtu." Na shangazi aliyelipa karo yuko hapo. "Kijana wetu amekataa wengi akamchagua huyu." Hao wengi, je, hakuna hata mmoja aliyealikwa?

Tukasoma pia habari ya Kana, katika Yohana mlango wa pili, ambayo husomwa karibu kila arusi, na kwa sababu hiyo hakuna anayeisikiliza. Mle yumo mkuu wa meza, mtu wa kazi hii hii tunayoizungumza. Ameonja divai, akamwita bwana arusi, akampa sifa kwa ile divai njema. Alimsifu mtu ambaye hakuileta. Hakuwa na nia mbaya; hakujua ilikotoka. Lakini Yohana anatuambia kwamba watumishi walijua, wale waliochota maji na kuijaza ile mitungi sita ya mawe. Kujaza mitungi hiyo si mchezo, maana kila mmoja ulichukua lita themanini au zaidi. Twawaona wakiwa wamesimama pale, mikono imelowa, wakimsikiliza mkuu wa meza akisifu. Katika kila arusi wako watu wa namna hiyo. Msemaji mwema, kabla ya kuandika neno lolote, na apite jikoni. Aende asubuhi, moshi ukiwa bado mwingi, aulize nani ameamka saa ngapi. Atatoka humo na macho mekundu na hotuba nzuri.

Kwa hiyo, kijana, tukikwambia jinsi ya kuitunga hotuba yako hatutakuwa na mengi. Sema jambo moja juu ya maarusi ambalo umeliona wewe mwenyewe. Usiseme kwamba rafiki yako ana upendo, kila bwana arusi ana upendo siku ile. Sema kwamba ulipougua typhoid mwaka fulani alikuletea uji siku tisa, kama alifanya hivyo. Kama hakufanya, tafuta lingine, wala usitunge. Kisha watakie heri kwa maneno ambayo hata wewe ungependa kuambiwa. Kisha inua bilauri, uketi. Dakika tatu zatosha. Na kumbuka kwamba huku kwetu mara nyingi atakuwapo mkalimani, kwa ajili ya wageni wasiojua Ekegusii au wazee wasiopenda Kiswahili, na mkalimani huzifanya dakika tatu kuwa sita. Tumia sentensi fupi. Mkalimani akipewa sentensi ndefu huchukua kipande kinachompendeza na kutupa kilichobaki.

Lugha nayo ina mitego yake. Katika Ekegusii "baba" ni mama, na baba ni "tata". Mgeni mmoja kutoka Mombasa, mtu mwenye Kiswahili kitamu sana, alisimama Manga akasema anamshukuru baba wa bibi arusi kwa uchungu wa kuzaa na kwa kunyonyesha. Alikuwa amefundishwa neno moja la Ekegusii njiani ndani ya matatu, akalichanganya na Kiswahili chake. Mzee aliyeshukuriwa alisimama na kuinama. Kicheko cha siku ile hakikumwumiza mtu, na sisi tungependa arusi zote ziwe na kosa kama hilo.

Umeuliza pia kama ni vibaya kusoma kutoka karatasini. Si vibaya. Vibaya ni kuitazama karatasi na kusahau nyuso.

Tulikuwa hatujamaliza habari ya yule mama. Siku ya tatu baada ya arusi tulikwenda kwake kuomba msamaha. Tulimkuta jikoni anapeta wimbi. Alitukaribisha, akatupa viti vidogo, akatutilia chai, akatusikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Maneno yenu hayakuwa uongo. Ndiyo maana yaliuma." Tukasema tena kwamba tumekosa. Akatikisa ungo wake kidogo. "Mlisema turubaini," akasema, "na mnatubu jikoni."

Hatukuwa na jibu. Tulikunywa chai, tukaenda. Njiani hatukuzungumza. Alikuwa amesema kweli: tulimvunja mbele ya watu mia tatu, tukaja kumjenga mbele ya kuku wawili. Lakini hatungeweza kuita watu mia tatu ili tuombe msamaha. Tungemwaibisha mara ya pili, yeye na mumewe pia. Ilitubidi kungoja.

Tulingoja miaka minne. Bwana arusi yule, ambaye nadhani alikuwa ameona alipotazama upande wa mlango siku ile, au labda nyanya yake alimwambia, alianza kutuma fedha kwa kaka yake. Alinunuliwa ng'ombe mmoja, akaja wa pili. Wa tatu alikufa kwa homa kabla hajafika popote, na mambo yakasimama mwaka mzima. Magokoro naye alifariki katika wakati huo. Mwishowe, mwezi wa Desemba, ng'ombe walipelekwa Bogirango nyumbani kwa yule mama, nasi tulialikwa kwenda pamoja na wazee. Ndiye mwenyewe aliyeomba kwamba sisi tusimame kusema. Hatukulala usiku ule.

Boma lilikuwa limejaa, wengi wao wakiwa ni wale wale waliokuwa chini ya turubai. Ng'ombe walifungwa karibu na ua. Tulisema hivi, na tunayasema kama tulivyoyasema:

"Sisi ni mashahidi. Tumekaa jirani na mwanamke huyu miaka kumi na mitano. Tumemwona akiamka saa nane za usiku ili watu wengine waitwe wenyeji wema. Tumemwona mume huyu akichuma chai katika mvua ili mdogo wake asome. Siku moja tulisimama mbele ya wengi wenu, tukasema neno juu ya ng'ombe na juu ya ahadi. Neno lile lilikuwa baya, nasi twalirudisha. Watu hawa wawili walioana kwa ahadi, na ahadi wameitimiza. Mungu awape uzee mtulivu, nyumba yenye moto, na wajukuu wa kuwatania."

Mtu mmoja wa nyuma akapaza sauti, "Na ng'ombe je, hamwahesabu?" Hatukumjibu. Tuliinua bilauri.

Yule mama alikuwa amesimama kando, na birika mkononi, maana hata nyumbani kwa baba yake alikuwa ameshaanza kuwahudumia watu. Shemeji yake wa Nairobi, akiwa na suti yake na viatu vyenye matope, alikwenda akalichukua birika lile kutoka mkononi mwake, akaanza kuwatilia wazee chai, akimwaga nusu yake kwenye visahani. Mama akatafuta mahali pa kuketi.